Bega la mama limekakamaa baada ya kuvunjika kifundo cha mkono: je, fiziotherapia ya nguvu inafaa?

MwanaKorogwe:

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 54, anayeishi Korogwe. Miezi michache iliyopita aliteleza uani, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Hospitalini alifungwa hogo, mkono ukaning'inizwa shingoni kwa kitambaa, na mfupa umeunga vizuri. Tatizo ni kwamba tangu hogo lilipotolewa, bega la mkono huohuo, ambalo halikupigwa picha kwa sababu siku ile hakulilalamikia, limekuwa likikaza wiki hadi wiki. Hawezi kuchana nywele, hawezi kufikisha mkono mgongoni, na akijigeuza usiku akalalia upande huo huamka kwa maumivu. Zaidi ya kisukari, ambacho anatumia vidonge kwa miaka kadhaa sasa, hana ugonjwa mwingine. Kwa maumivu anameza diklofenaki za duka la dawa.

Tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha fiziotherapia. Mhudumu alimlaza, akaunyanyua mkono kwa nguvu mpaka mama akalia, na akatueleza kwamba bila kuvunja kilichoganda hakuna kupona. Usiku ule mama hakupata usingizi, na sasa hataki kurudi. Shangazi yangu anasema tuachane na mazoezi, tumkande kwa mafuta ya moto. Je, tumshawishi avumilie mazoezi yale, na hali hii huchukua muda gani kuisha?

Mfiziotherapia_Moshi:

Mpe mama pole nyingi. Unavyoeleza kunafanana sana na kile tunachokiita bega lililoganda, yaani utando unaozunguka kiungo cha bega huvimba, kisha hunenepa na kusinyaa, hata mpira wa mfupa wa mkono ukakosa nafasi ya kuzunguka. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari mara nyingi zaidi kuliko wengine. Mkono uliokaa umefungwa kwa wiki kadhaa bila bega kusogezwa ni sababu nyingine inayojulikana, na mama anazo sababu zote hizi kwa pamoja. Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston aliyeupa ugonjwa huu jina hilo mwaka 1934, alikiri kwamba ni mgumu kuueleza na mgumu kuutibu, nami baada ya miaka yangu ya kazi sioni sababu ya kumpinga.

Kabla ya zoezi lolote, hata lile la upole, bega lipigwe picha ya eksirei, kwa sababu mtu aliyeanguka anaweza kuwa na bega lililoteguka kuelekea nyuma. Mteguko wa aina hiyo hupita bila kuonekana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kwenye picha ya kawaida ya mbele bega huweza kuonekana kama liko mahali pake, na dalili yake kubwa, yaani mkono kushindwa kuzungukia nje, ni ileile ya bega lililoganda. Ombeni picha ya pili inayopigwa kupitia kwapani au kwa ubavuni. Mtu akianza kulivuta bega lililoteguka kwa kudhani limeganda tu, anaweza kuharibu kabisa kiungo hicho.

Kuna kipimo kingine ambacho mtaalamu yeyote hukifanya kwa dakika moja. Mama akae, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kugusa ubavu, kisha ajaribu kupeleka kiganja upande wa nje kama anayefungua mlango. Mtaalamu naye ajaribu kuupeleka mkono huohuo taratibu, bila mama kutumia nguvu. Kama wote wawili wanakwama mahali pamoja, na picha haina kasoro, karibu hakika ni utando uliosinyaa. Kama mtaalamu anaufikisha mbali lakini mama mwenyewe hawezi, hapo tunashuku kano zilizochanika, na mazoezi yake ni tofauti.

Sasa nije kwenye nguvu. Ugonjwa huu hupita katika hatua tatu ambazo huingiliana. Kwanza maumivu huwa makali, hasa usiku, na bega huanza kukaza. Kisha maumivu hupungua lakini ukakamavu hubaki. Mwisho mwendo wa bega hurejea polepole. Mama, kwa maelezo yako, bado yuko katika hatua ya kwanza, na katika hatua hiyo utando umevimba, kwa hiyo kuuvuta kwa nguvu huuchokoza zaidi. Hili si maoni yangu peke yangu. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 77 waliofuatiliwa kwa miezi 24. Kati ya waliopewa maelezo na mazoezi ndani ya mpaka wa maumivu, asilimia 89 walifikia bega la kawaida au karibu na la kawaida, ilhali kati ya waliovutwa kupita mpaka huo waliofika hapo ni asilimia 63. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini unakubaliana na tunayoyaona kila siku. Kwa hiyo mama hakukosea kukataa kurudi. Abadilishiwe mtaalamu, asiache tiba.

Picha ikiwa safi, aanze na zoezi la kuning'iniza mkono: ainame akishika meza kwa mkono mzima, mkono wenye tatizo uachiwe uning'inie, autikise mbele na nyuma kwa mwendo wa mwili, kisha auzungushe duara dogo. Afuatishe kukaa mbele ya meza na kutelezesha kiganja juu ya kitambaa kwenda mbele hadi panapoanza kuvuta, asipite hapo. Afanye kwa dakika chache, mara nne au tano kwa siku. Hilo lina faida kuliko nusu saa ya mateso mara moja kwa wiki. Mpaka tunaoutumia ni huu: maumivu yanayotulia ndani ya saa moja baada ya zoezi hayana neno, lakini yakimwamsha usiku kuliko jana yake, kesho apunguze. Akilala chali, awekewe mto mdogo chini ya kiwiko ili bega lisidondokee nyuma.

Kuhusu muda, nitakuwa mkweli: hesabuni mwaka mmoja hadi miaka mitatu, na wenye kisukari huelekea kuchelewa. Wapo wanaobaki na ukakamavu kidogo, ingawa hauwazuii kufanya kazi zao.

FundiCherehani_Msa:

Dada au kaka, mimi ni fundi wa nguo hapa Mombasa na niliwahi kupata ugonjwa huu wa mama, bega la kulia, bila kuanguka wala kuwekwa plasta. Naunga mkono aliyotangulia kusema, ila naongeza jambo moja ambalo wataalamu hawalikazii. Mgonjwa huanza kuutumia mkono mzima kwa kila kitu, na wenye bega bovu huachwa umekunjwa tumboni kama umefungwa tena. Mwachieni mama kazi nyepesi za chini ya usawa wa bega, kama kuchambua mchele, kupangusa meza au kukunja nguo, na msimpokonye kwa kumhurumia. Nguo avae kwa kuanza na mkono unaouma, na avue kwa kumalizia na huo. Mimi nilijishonea blauzi za vifungo vya mbele, nikaachana na zile za kuvaliwa kichwani.

Daktari_wa_Zamu:

Nitagusia dawa tu. Diklofenaki ya kumeza kila siku, kwa mtu wa umri huu mwenye kisukari, inanitia hofu kuliko bega lenyewe, kwa sababu huumiza tumbo na figo, nazo figo za mwenye kisukari tayari ziko hatarini. Apimwe shinikizo la damu na kazi ya figo, na kwa sasa ajaribu parasetamoli kwa kipimo sahihi, hasa dozi ya kabla ya kulala.

Katika hatua ya maumivu makali, sindano ya dawa jamii ya kotikosteroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo husaidia kupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, na mgonjwa akipata nafuu hiyo ndipo fiziotherapia huwa na nafasi ya kufanya kazi. Hata hivyo, sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Haimaanishi kwamba mwenye kisukari hafai kuchomwa, ila achomwe sukari ikiwa imedhibitiwa, aijulishe kliniki yake ya kisukari, na ajipime mara nyingi zaidi wiki hiyo.

MamaZuu:

Naomba msiwabeze shangazi. Kukanda kumetulea sisi sote, na maji ya moto hulegeza mwili. Mbona mnafanya kama ni sumu?

Mfiziotherapia_Moshi:

Hakuna aliyembeza, Mama Zuu, na joto lenyewe hata mimi hulitumia. Taulo lililochovywa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, likawekwa begani kwa dakika kumi hadi kumi na tano kabla ya mazoezi, hulegeza misuli ya shingo na bega ambayo hukaza kwa kulilinda kiungo. Sina shida pia na shangazi kumpaka mafuta kwa mkono mwepesi. Pingamizi langu ni mawili. Utando uliosinyaa uko ndani, chini ya tabaka za misuli, na vidole vya mkandaji haviufikii, kwa hiyo kukanda hakuwezi kuchukua nafasi ya mazoezi. Pili, mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa amepungukiwa hisia za ngozi, akaungua bila kujua. Anayepima joto awe mtu mwingine, kwa kiwiko chake.

MwanaKorogwe:

Nawashukuru wote. Picha zimepigwa kwa pande mbili na daktari wa mifupa amesema mfupa uko mahali pake. Mama ameanza zoezi la meza na analivumilia. Kituo kingine hapa kimetushauri tulipie vipindi vya mashine ya umeme, na ndugu mmoja anasema kuna upasuaji wa kulifungua bega. Kipi kitangulie?

Mfiziotherapia_Moshi:

Mashine ya umeme inaweza kutuliza maumivu kwa muda mfupi, lakini haiurefushi utando. Fedha zikiwa za kubana, zilipieni ziara za mtaalamu anayepima mwendo wa bega na kuandika nyuzi zake (yaani mkono unafika pembe ipi), anayesahihisha mazoezi na kuongeza mapya maumivu yanapopungua, hata kama ni ziara moja kila wiki mbili. Mkiwa na bima, ulizeni kabla kama fiziotherapia imo.

Upasuaji subirini. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503, ulilinganisha fiziotherapia iliyopangwa vizuri pamoja na sindano, kulivuta bega mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na upasuaji wa kutumia kamera. Baada ya mwaka mmoja tofauti kati ya njia hizo ilikuwa ndogo, na madhara makubwa, ingawa yalikuwa machache, yaliwapata zaidi waliofanyiwa upasuaji. Kwa hiyo mama amwone daktari kuhusu sindano, aendelee na mazoezi, na kama baada ya miezi sita hivi ya tiba ya kweli mkono bado haujasogea, ndipo mzungumze na daktari wa mifupa kuhusu hatua hiyo. Bega likivimba na kuwa jekundu lenye moto, homa ikapanda, au mkono ukafa ganzi na kukosa nguvu ghafla, msisubiri miadi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.