Mjadala: "Piga dume mzee tu" ni kanuni nzuri, lakini je, inamfaa tembo wa Enduimet?

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili bila kuligeuza kuwa ugomvi wa Watanzania na Wakenya, maana kila likiguswa ndiko linakoishia.

Kati ya Septemba 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, tembo madume wasiopungua 5 walipigwa risasi na wawindaji wa kitalii upande wetu wa Tanzania, katika eneo la Enduimet wilayani Longido, eneo la wanyamapori linalosimamiwa na jumuiya ya vijiji, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Ni tembo wanaovuka kwenda na kurudi hifadhi ya Amboseli, Kenya, ambako watafiti wamekuwa wakiwafuatilia mmoja mmoja tangu 1972. Madume wa huko waliwahi kupigwa mwaka 1994 na kelele zikawa kubwa. Baadaye yakapatikana maelewano kati ya nchi hizi mbili, na uwindaji wa tembo pale mpakani ukasimama kwa takriban miaka 30.

Wanaotetea kurudi kwa uwindaji huu wana hoja moja wanayoirudia: anayepigwa ni mzee, ameshazaa vya kutosha, na kumtoa hakupunguzi chochote. Msimamo wangu ni kwamba hoja hiyo ni ya kweli kwa wanyama wengine, ila kwa tembo si kweli.

Niseme mapema, sipingi uwindaji wa kitalii. Ukifuta vitalu vya uwindaji, sehemu kubwa ya mapori yetu haina mtalii wa kamera atakayekwenda kuhangaika na mbung'o ili apige picha. Pori lisiloleta kitu halichukui muda kugeuka shamba au tanuri la mkaa. Na kanuni ya kuchagua madume waliokomaa naiheshimu, kwa sababu nimeona mantiki yake.

Chukua kulungu wa Marekani, yule wa mkia mweupe, anayeota pembe za matawi na kuziangusha kila mwaka. Jike wake mara nyingi huzaa mapacha, na huzaa kila mwaka. Kule Pennsylvania madume wengi walikuwa wanapigwa wakiwa na mwaka mmoja na nusu tu, hawajakomaa hata mwili. Mwaka 2002 jimbo likaweka sharti: upande mmoja wa pembe lazima uwe na ncha 3 au 4, kutegemea eneo. Lengo lilikuwa vijana wapite, wakubwa ndio wawindwe. Kwa mnyama anayezaa haraka hivyo, kumpiga dume wa miaka 5 au 6 hakutikisi chochote. Nafasi yake inajazwa msimu huohuo.

Njoo kwa simba wetu. Tanzania ilipoweka umri wa chini wa miaka 6, haikubahatisha. Dume mgeni akiliteka kundi huua watoto aliowakuta, ili majike warudi kwenye joto. Ukimpiga baba akiwa na miaka 4, umeua na watoto wake. Ukisubiri hadi 6, walau kizazi kimoja kimepata muda wa kukua. Na mwindaji bingwa ana cha kuangalia kwenye darubini: pua ya simba kijana ni ya waridi, kisha madoa meusi yanaongezeka mwaka hadi mwaka mpaka yanaimeza.

Sasa tembo. Dume huondoka kwa mama zake akiwa na miaka 14 hivi, lakini hapo bado ni kijana tu. Akikaribia miaka 30 ndipo anaanza kuingia masti, kile kipindi ambacho tezi za pembeni mwa macho zinatiririka, mkojo unadondoka njia nzima, na harufu yake unaipata kabla hujamwona. Masti ya kijana ni ya siku chache. Ya dume wa miaka 40 na kitu inaendelea kwa miezi, na huyo ndiye majike wanamtaka. Kwa hiyo yule tunayeambiwa amemaliza kazi yuko katikati ya kazi. Meno yake ya kutafunia, seti ya sita na ya mwisho, yanaweza kumfikisha miaka 60. Mimba ni miezi 22. Hakuna pengo linalojazwa msimu huohuo hapa.

Halafu angalia tunavyochagua. Sheria yetu inataka pembe iwe na kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Nia ni kuwalinda vijana, sawa. Lakini pembe za tembo haziachi kukua mpaka anakufa, na kila mteja anataka kubwa kuliko zote. Tukifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, tunawatoa hasa wale wenye damu ya pembe kubwa. Jambo hili limeshapimwa kwa kondoo wa milimani huko Ram Mountain, Alberta, Kanada: miaka 30 ya kupiga madume wenye pembe kubwa, na pembe za waliobaki zikapungua.

Kuna na hifadhi ya Pilanesberg, Afrika Kusini. Walipelekwa tembo yatima bila madume wakubwa. Vijana wakaingia masti mapema mno, wakaanza kuua faru, zaidi ya 40 katika miaka ya 1990. Mwaka 1998 wakaletwa madume 6 wakubwa kutoka hifadhi ya Kruger, na mauaji yakakoma. Mzee anawatuliza vijana kwa kuwepo tu. Mwenye hoja ya kupinga hilo ailete, nitaisoma kwa makini.

Jibu la mkazi wa Longido:

Ndugu, umeandika vizuri, ila umeandika kama mtu anayelala bila kusikia debe likipigwa usiku kufukuza tembo shambani. Sisi tembo tunamjua kwa nyayo. Wayo wa mzee ni mpana na laini, mipasuko imesagika, hasa kisiginoni. Na mara nyingi huyo mzee ndiye anayeongoza vijana kuingia kwenye mahindi. Kifuta jasho cha serikali kwa mazao yaliyoliwa kinachelewa, kikija ni kidogo. Pesa ya kitalu inalipa askari wetu wa vijiji na ada za watoto wa sekondari. Amboseli wanapata hoteli na magari ya watalii. Tembo wakija kwetu wanakula maharage. Mkisema tusiwinde, semeni pia nani atalipa.

Mleta mada:

Mkuu, nashukuru, na swali lako ni halali. Tembo anayezoea mashamba ashughulikiwe na askari kama mharibifu, awe na pembe ndefu au fupi. Hiyo ni kazi nyingine. Madume ninaowazungumzia walizoea magari ya watalii kiasi cha kutokimbia injini, na mtu anayewasogelea kwa bunduki hana anachowinda.

Kuhusu nani alipe: madume wenye pembe ndefu kiasi hiki wamebaki wachache mno Afrika nzima, na watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuwaona. Tembo Tim wa Amboseli alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 50 hivi, kifo cha kawaida, na alipigwa picha kwa miaka mingi. Ninachopendekeza ni hiki: ukanda wa mpakani, pamoja na ushoroba wa Kitendeni (njia ya tembo kati ya Kilimanjaro na Amboseli), usiwindwe tembo, uwindaji wa wanyama wengine uendelee, na mapato ya mageti ya hifadhi za Kenya yachangie moja kwa moja kwenye akaunti ya Jumuiya ya Enduimet, kwa mkataba wa maandishi kati ya serikali mbili. Kenya haiwezi kutuomba tuwaache tembo bila kuweka mkono mfukoni. Maelewano ya zamani yalivunjika kirahisi kwa sababu kijiji hakikuwa na chochote cha kupoteza.