Mimea ya asili ya pwani kwa ua wa nyumba na wa biashara hapa Tanga

Mkazi wa Raskazone

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaendesha nyumba ya wageni ya vyumba 9 hapa Raskazone, na nyumba yangu mwenyewe iko Sahare. Sehemu zote mbili zilipandwa na fundi mmoja kwa mpango uleule: miashoki kando ya ukuta, krotoni kwenye njia, na nyasi zinazomwagiliwa asubuhi na jioni. Kila kaskazi inaposhika, Januari na Februari, nyasi za upande wa bahari hugeuka rangi ya mkeka mkuukuu hata kama pampu haizimwi, na ncha za majani ya krotoni huungua kwa chumvi. Wakati huohuo, nje ya ukuta, juu ya jiwe la matumbawe, upo mkwaju ambao hakuna aliyewahi kuupa ndoo moja ya maji, nao umesimama na kijani chake. Naomba ushauri: ni mimea gani ya asili ya pwani yetu inayofaa kwa ua, hasa mbele ya biashara, ambako mgeni anatarajia kuona maua na si pori? Nimeanza na miarobaini minne kwa kuwa ni ya asili.

Mwotesha miche, Pongwe

Wa aleikum salaam, kaka. Niruhusu nianze na hiyo miarobaini. Tumeizoea sana, lakini asili yake ni Bara Hindi. Mkungu nao ni wa Asia, mkrismasi ni wa Madagaska, na hata mkonge ulioliletea jiji letu sifa uliletwa na Dkt. Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikafika hai. Sikwambii uing'oe, kwani kivuli ni kivuli, ila usiongeze mingine, kwa sababu ndege hubeba mbegu zake na kuzisambaza hadi vichakani.

Kwa upande wa bahari, panda mtondoo. Unastahimili mchanga na upepo wa chumvi, majani yake mazito hung'aa mwaka mzima, na maua yake meupe yana harufu nzuri. Chini yake weka mkadi, ambao mama zetu wanaujua kwa vikuba. Mahali ambapo nyasi zimekataa kabisa, acha kile kitambaazi cha ufukweni chenye majani kama kwato za mbuzi na maua ya zambarau kifunike mchanga. Ndani ya ua, kwenye nafasi ya kutosha, mbambakofi hauna mfano. Mbegu yake ni nyeusi inayong'aa, yenye kofia nyekundu kichwani. Vua kofia hiyo, kisha panda mbegu kwenye kiriba kirefu. Mzizi mkuu hushuka upesi, kwa hiyo usiuache mche kwenye kiriba mpaka mzizi ujikunje chini, maana mti wa namna hiyo hautashika ardhi vizuri hata ukiutunza vipi.

Jambo moja watu hulikosea: mmea wa asili si mmea usiohitaji maji. Panda mvua za masika zinapoanza, weka matandazo ya majani makavu bila kugusa shina, na mwagilia kwa kaskazi mbili za mwanzo. Baada ya hapo mizizi itajitafutia.

Mfanyabiashara, Bagamoyo

Nakubaliana na mwotesha miche, lakini naomba tuzungumzie umbali. Nilipanda mkwaju mita 3 kutoka kwenye duka langu, nikiutazama mche wa urefu wa goti, na leo mizizi imeinua sakafu ya baraza. Mkwaju, mbuyu na mvule ni miti ya viwanja vikubwa, si ya ua wa mjini. Mkindu pia ni mzuri na ukindu wake una kazi, ila una miiba mikali chini ya makuti, kwa hiyo usiupande wanakopita watoto.

Kuhusu wageni kudhani ni pori, hilo nimelipitia. Kilichosaidia ni kingo: njia iliyofagiwa, mpaka wa mawe, na kipande kidogo cha ukoka kilichokatwa vizuri mbele ya mlango. Mtu akiona mkono wa mwenye nyumba umepita hapo, hayo mengine huyakubali.

Mwalimu mstaafu, Muheza

Wanangu, neno «asili» lina mipaka. Huku kwetu Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, msizi ulipandwa ukitoka kwingine, ingawa nao ni mti wa Afrika na kule Kagera uko kwao. Hondohondo walikula matunda yake, wakatawanya mbegu, nao ukaingia ndani ya msitu wa Usambara Mashariki. Kwa hiyo ulizeni kama mti ni wa pwani hii, msiridhike kusikia kwamba ni wa Tanzania.

Kwa baraza yenye kivuli, kumbuka kile kiua cha zambarau chenye majani ya manyoya ambacho Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alikipeleka Ujerumani, kikapewa jina la Saintpaulia mwaka 1893. Dunia nzima inakiweka madirishani, na sisi wenye nacho hatukijui. Ila nakusihi usikubali mche uliochimbwa msituni, kwani hukua kwenye miamba michache tu yenye unyevu. Nunua uliozalishwa kwa jani.

Mkazi wa Raskazone

Ahsanteni sana, na shikamoo Mwalimu. Nimepima leo: upande wa bahari nina mita 22 hadi ukuta wa jengo. Nitaweka mitondoo mitatu na mikadi masika ijayo, na mbambakofi utakwenda Sahare, ambako kuna nafasi. Ndugu wa Pongwe, je, una miche ya mtondoo iliyofika futi 1, au nianze kuokota mbegu ufukweni sasa hivi?