Mrejesho: Sharlotka imeumuka!

Jamani, wiki jana niliuliza kwa nini sharlotka, ile keki ya matufaha ya Kirusi, inanibonyea katikati na chini inabaki mbichi. Mkasema nipige mayai kwa muda mrefu zaidi. Kweli kabisa.

Kumbe nilikuwa napiga dakika mbili tu, na keki yenyewe haina siagi wala hamira, inategemea hewa ya mayai. Safari hii mayai 4 na glasi ya sukari nimepiga kwa mashine dakika 8 hivi, mpaka ukiinua mashine uji unashuka kama utepe, alama yake inakaa juu kidogo ndipo inazama. Unga glasi moja nikachekecha, nikachanganya kwa mwiko taratibu.

Matufaha nimetumia Antonovka, yale makali. Hapa Voronezh, Urusi, ndiyo msimu wake na mama mwenye nyumba kanipa ndoo nzima. Nyuzi 180, dakika 40, bila kufungua oveni (mtihani huo!). Kijiti kimetoka kikavu.

Ila chombo nilikipaka mafuta kiduchu, kipande kikaganda chini. Nimekikwangua kwa kijiko, nikala nimesimama.