"Pawa saplai ni pawa saplai tu, umeme si ule ule?" Huyu muuza kompyuta wa Mwanjelwa atatuunguzia vitu!

Chuma_cha_Kabwe (mleta mada):

Wakuu, nimetoka kusoma jibu lake sasa hivi kwenye lile grupu la gemu na mikono inatetemeka kwa hasira. Simtaji. Wa Mbeya mjini wote mnamjua, na nyie wa Tunduma na Kyela mnaoagiza kwake mnamjua zaidi.

Dogo wa chuo kauliza kwa adabu zote: "Samahani kaka, hiyo pawa saplai ni ya kampuni gani?" Mtu mzima, mwenye duka, anamjibu mbele ya grupu zima: "Pawa saplai ni pawa saplai tu, umeme si ule ule wa TANESCO?" Vikatuni vya kucheka vitatu. Halafu akamtoa dogo kwenye grupu!

UMEME SI ULE ULE. Jamani!

Umeme wa TANESCO ni volti 230 za AC. Hakuna kifaa ndani ya kesi kinachokula huo. Pawa saplai ndiyo inaugeuza kuwa DC ya volti 12, 5 na 3.3, na prosesa na GPU (kadi ya picha) karibu zote zinategemea ile ya 12. Ndiyo maana mtu anayejua hasomi ile "600W" iliyoandikwa kwa herufi za bango la mkutano wa hadhara. Anashuka chini kwenye jedwali, anatafuta +12V, anachukua ampia anazidisha kwa 12. Picha aliyotuma mwenyewe inasomeka vizuri tu: +12V 16A. Piga hesabu: 192W. Mia moja tisini na mbili! Pawa saplai ya kweli ya 550W inaonyesha kama ampia 45 hapo, yaani 540W. Hiyo yake ni nyepesi kiasi kwamba ukiiacha dirishani upepo wa Uyole unaondoka nayo, kwa sababu ndani koili za kuchuja umeme zimerukwa na kipoza joto ni kipande kimoja chembamba cha bati.

Na ina swichi nyekundu ya 115/230 kwa nyuma. Hizo zikija zikiwa zimewekwa 115 na mtu akachomeka kwenye soketi zetu, inalia paa! moshi. Hilo hakumwambia dogo. Alichomwambia ni kwamba umeme ni ule ule.

Sasa tazameni alichokuwa anauza kwa 1,150,000 na kukiita "Gemu PC ya Kibabe": Core i7, RAM 8GB, HDD 1TB, GTX 1050 Ti 4GB, taa za rangi nne. Core i7 gani? i7-2600, ya mwaka 2011. Mazabodi ni H61: SATA yake (njia ya diski) ni ya 3Gb/s, PCIe yake (njia ya GPU) ni 2.0, kasi za kizamani. i3-12100F yenye kori 4 na nyuzi 8 inaiacha mbali hiyo i7, lakini neno "i7" linauza. RAM ni kijiti kimoja, kwa hiyo chaneli moja, nusu ya kasi ya kumbukumbu imeachwa mezani. Windows 11 haiikubali rasmi hiyo prosesa, inataka kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 2025.

Ila yote hayo ningemeza. Duka ni lake, bei ni yake. Lakini mtoto wa watu anauliza swali la maana kuliko yote, unamcheka na kumfukuza?

---

KahawaYaMbozi:

Nimeiona hiyo picha. Mkuu umeacha kubwa zaidi, angalia mgongo wa hiyo GPU: ina tundu la VGA, la bluu. GTX 1050 Ti ni ya kizazi cha Pascal, na Pascal haitoi kabisa picha ya analogi, ile ya VGA. Ukiona 1050 Ti ya bei chee yenye VGA, jua mara nyingi ni kadi ya zamani kama GTS 450 ya mwaka 2010 iliyobadilishiwa BIOS (programu yake ya ndani) ijitambulishe kwa jina la mwenzake. Windows inasoma jina jipya, gemu linasoma ukweli.

Kupima ni dakika mbili. Fungua programu ya GPU-Z: kadi feki nyingi inaziwekea [FAKE] mbele ya jina. Angalia kori za CUDA: ya kweli ina 768, GTS 450 ina 192. Gemu linalotumia Vulkan (njia mpya ya kuchora picha) halitafunguka, maana Fermi, kizazi cha GTS 450, haina Vulkan. Na usikubali CD ya draiva ya muuzaji, shusha ya Nvidia yenyewe. Ya kweli inapokea, ya kufoji inazima skrini au inaleta alama ya njano kwenye Device Manager.

---

Chuma_cha_Kabwe:

@KahawaYaMbozi ndiyo umezidi kunipandisha presha. 1050 Ti ya kweli inakula 75W, nyingi hazihitaji hata waya wa ziada, zinakunywa kwenye sloti. GTS 450 inakula 106W. i7-2600 ni 95W. 106 na 95 ni 201, na laini ya 12 ni 192 kwenye karatasi. Hujaweka feni, hujaweka diski. Yaani kadi ya uongo imewekwa juu ya pawa saplai ya uongo, na dogo akiuliza anaambiwa umeme si ule ule!

---

Baridi_ya_Makete:

Mleta mada pumua. Mtu kaandika sentensi moja, wewe umepanda nayo mpaka mlima Loleza. Kwa bajeti hiyo mwambie dogo anunue PS4 ya mtumba, apate na pedi mbili, maisha yaendelee.

---

Chuma_cha_Kabwe:

@Baridi_ya_Makete PS4 haimfanyii dogo AutoCAD wala kazi za chuo. Na si sentensi moja, ni sentensi na kufukuzwa. Mnaruka hapo wote.

---

Isimila_1:

Kamwene wakuu. Niwasemee na wauzaji kidogo: mteja wa huku anaingia dukani anauliza vitu viwili, "ni i ngapi?" na "taa zipo?" Ukimwekea pawa saplai ya daraja la Bronze ya 550W bei ikapanda, anahamia duka la jirani lenye feni zinazowaka zambarau. Soko ndilo linawafundisha.

Ila kwa pesa hiyo hiyo kuna njia, na haina taa. Tafuta kompyuta ya ofisi ya mtumba, Dell au HP, kizazi cha 8, i5-8500 yenye kori 6. Iwe TAWA, ile kubwa. Usichukue ile nyembamba ya SFF, hiyo inaingia kadi fupi tu na utabaki kuhangaika. Weka GTX 1650 ambayo haina tundu la waya wa umeme, maana pawa saplai za hizo ofisi zina wati 240 hadi 260 hivi na hazina waya wa pini 6 wa kulisha GPU. Lakini ni wati za kweli. RAM vijiti viwili vya 8GB. Windows iweke kwenye SSD, HDD ibaki ya kuhifadhia.

Onyo moja: mazabodi za hizo kompyuta hazitumii koneta ya pini 24 tuliyozoea. Ukitaka kubadilisha pawa saplai baadaye utahitaji adapta, na ya Dell si ya HP. Usiichomeke kwa kulazimisha.

---

NjombeParachichi:

Isimila umenena. Mimi hasira zangu ziko kwa wanaouza GT 730 "4GB" kama kadi ya gemu. Hizo 4GB mara nyingi ni DDR3 (memori ya polepole) kwenye njia ya biti 64, ni maji mengi kwenye mrija wa peni. GT 1030 nayo iko ya aina mbili: ya GDDR5 inapitisha 48GB kwa sekunde, ya DDR4 kama 17 tu. Jina moja, boksi karibu lile lile, na muuzaji anakwambia "zote 1030 mkuu". Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

---

Tukuyu_Mvua:

Zote ndogo hizo. SSD za nje za "2TB" kwa elfu hamsini zinazopangwa barabarani mnaziachaje? Ndani ni kadi ya memori ya 64GB imebandikwa kwa gundi. Unahamisha faili, majina yanaonekana yote, ukifungua yameharibika, kwa sababu ikijaa inaandika juu ya yale ya mwanzo. Kabla hujalipa endesha programu ya H2testw, iache iandike mpaka mwisho. Muuzaji akikataa upime, ondoka.

---

Chuma_cha_Kabwe:

Wakuu narudi kwenye mada. Kuna mtu amenitumia picha ya grupu sasa hivi, ameandika tena: "wenye wivu wameanzisha uzi." Wivu wa ampia 16? Hajasema chochote kuhusu swichi, wala VGA, wala kumrudisha dogo. Bado anashikilia umeme ni ule ule!

---

Mafiati_Mchomeleaji:

Na huo umeme wenyewe si ule ule hata kwa saa moja, muulize mtu wa Ilomba. Unakatika, ukirudi unarudi kwa kishindo. Msimu wa radi kuanzia Novemba ndiyo usiseme. Pawa saplai nzuri ina ulinzi, volti zikizidi inajizima yenyewe. Ya huyo muuzaji ikifa inaweza kusukuma volti za ajabu kwenye mazabodi na kuondoka na kila kitu, GPU ya laki kadhaa inaifuata pawa saplai ya elfu thelathini.

UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya 650VA si wati 650, nyingi ni 360 hadi 390. Inatosha kuhifadhi gemu na kuzima salama, haitoshi kumaliza mechi. Na usichomeke printa ya leza humo.

---

Mwana_Uyole:

Samahani wakuu, mwenye milioni na nusu hadi mbili afanyeje?

---

Isimila_1:

@Mwana_Uyole i3-12100F, mazabodi ya H610, DDR4 3200 vijiti viwili vya 8GB, SSD ya NVMe ya 500GB, na GPU ya RX 6600 ya 8GB. Hiyo kadi inakula 132W na inataka waya mmoja wa pini 8, Bronze ya 500W au 550W inaimudu bila jasho. Herufi F maana yake prosesa haina picha ya kwake, kwa hiyo waya wa monita uingie kwenye GPU, ukiuchomeka kwenye mazabodi utakaa gizani unamlaumu fundi. Ukiwasha mara ya kwanza ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi ya RAM), la sivyo RAM ya 3200 inaweza kutembea kwa 2666 au chini ya hapo.

Usidanganywe na RX 6500 XT ukiwa na bodi ya zamani. Inatumia njia 4 tu za PCIe, kwenye PCIe 3.0 inachechemea, na ina 4GB. Na RX 580 ukiambiwa, uliza kama ni 2048SP. Hiyo ni RX 570 kwa jina la kupamba.

---

KahawaYaMbozi:

Na waya wa pini 8 utoke kwenye pawa saplai moja kwa moja. Wale wanaounganisha adapta mbili za moleksi (koneta za zamani za diski) kupata pini 8, plastiki inayeyuka na harufu mnaisikia sebuleni.

---

Mwana_Uyole:

Asante sana. Nikiagiza Kariakoo mzigo upande basi, unafika mzima?

---

NjombeParachichi:

Hapo ndipo penye kilio! Konda anaisimamisha kesi wima kwenye buti, juu yake gunia la viazi, halafu kona za mlima Kitonga. GPU nzito inaning'inia kwenye sloti njia nzima, ikifika lachi ya sloti imevunjika au dhahabu imetoka. Ukilalamika ofisi ya mizigo unaambiwa "vitu vya kuvunjika ni juu ya mwenye mali".

---

Tukuyu_Mvua:

Mwambie muuzaji akung'olee GPU iende kwenye boksi lake peke yake, na kipoza cha prosesa kama ni kile kirefu cha mnara king'olewe pia. Kesi ilazwe ubavu, upande wa mazabodi chini, kioo juu kikiwa na kadibodi. Lipia risiti ya mzigo iandikwe "kompyuta", usikubali "boksi 1".

---

Mafiati_Mchomeleaji:

Wale wa stendi hata ukiandika "kompyuta" wanakalia. Bora uipakie asubuhi kwenye basi la mtu unayemjua.

---

Chuma_cha_Kabwe:

Kwa hiyo suala la dogo kufukuzwa limeishia hapo?

---

Mwana_Uyole:

@Tukuyu_Mvua na ile bati yenye matundu ya nyuma ya mazabodi nayo inakuja kwenye boksi au nainunua? Kuna mtu wa Makambako anauza H610 bila hiyo bati.

---

Tukuyu_Mvua:

Kila mazabodi ina ya kwake, matundu hayafanani. Mwambie aitafute kabla hujatuma hela, au akupunguzie. Bila hiyo bati kompyuta inawaka, ila vumbi la Agosti lote litaingilia hapo, na panya.