Naomba ushauri: asili ya neno "visheti"

Ndugu zangu, ninaandaa orodha ya majina ya vitafunio vya pwani na nimekwama kwenye visheti, vile vipande vya unga vinavyokaangwa, kisha vikageuzwageuzwa ndani ya shira nzito ya iliki hadi sukari ivigandie na kuwa nyeupe. Kaimati haikunisumbua, kwani inatokana na Kiarabu luqaimat, yaani vitonge vidogo, jina linalotumika hadi leo katika nchi za Ghuba. Je, kisheti ni neno la Kibantu tangu mwanzo, au ni la kigeni lililoingizwa katika ngeli yetu ya ki-/vi-, kama kitabu? Anayejua jina lake jingine Lamu, Mombasa au Unguja, tafadhali alitaje pamoja na mahali linapotumika.