Mgonjwa wa ICU amebeba bakteria wa klebsiela walio sugu lakini hana homa: tumpe antibiotiki ya kolistini?

Muuguzi wa zamu, Kisumu
Wenzangu, habari za kazi. Tumepokea mgonjwa kutoka wodi ya upasuaji, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Swabu ya haja kubwa imeotesha klebsiela sugu kwa meropenemu, antibiotiki nyingine. Homa hana, na damu yake haikuota kitu. Tuanze kolistini? Chumba cha peke yake hatuna.

Daktari wa ICU, Eldoret
Sista, msimpe. Amebeba tu, hajaugua. Kolistini haitawamaliza bakteria walio utumboni; itaumiza figo na kuwaachia uwanja walio sugu zaidi. Matokeo yaandikwe mbele ya faili, ili akiugua na presha ikishuka usiku daktari wa zamu asitegemee meropenemu pekee. Ubebaji hudumu hata miezi, kwa hiyo swabu moja safi isiwafanye mlegeze.

Maabara, Nakuru
Na hiyo swabu safi, iangalieni kwanza: kama haina alama ya kinyesi, rudieni. Kujua kama kuna kimeng'enya kinachovunja dawa, maabara itie bakteria na kidiski cha meropenemu cha mikrogramu 10 kwenye mililita 2 za mchuzi wa lishe, saa 4 kwa nyuzi 35. Kidiski kihamishiwe kwenye sahani iliyopakwa bakteria wa E. koli wasio sugu, kisomwe kesho yake. Duara lisiloota bakteria kuzunguka kidiski likiwa milimita 6 hadi 15, kimeng'enya kipo. 19 na zaidi, hakipo.

Kinga ya maambukizi, Kakamega
Mpeni kitanda cha pembeni, mbali na sinki, na stethoskopu, kipima joto na mkanda wa presha visivyotoka hapo. Gauni na glavu kila mnapomgusa.

Panapoharibika zaidi ni jagi la mkojo. Mtu anamwaga mfuko wa kitanda cha 1, anaenda cha 2 na jagi lilelile, glavu zilezile. Kila mgonjwa awe na jagi lake. Glavu zivuliwe, mikono isuguliwe kwa spiriti sekunde 20 hadi 30. Mkojo na mabaki ya uji anaolishwa kwa mpira visimwagwe kwenye sinki la kunawia: bakteria hukaa kwenye bomba la chini na maji huwarusha juu tena.

Reli za kitanda na vitufe vya mashine vifutwe kwa sabuni kwanza, kwani uchafu huila klorini. Kisha klorini ya asilimia 0.1: kipimo 1 cha ile ya asilimia 3.5 kwa vipimo 34 vya maji, ichanganywe kila siku.

Muuguzi wa zamu, Kisumu
Asanteni. Spiriti ikiisha dukani?

Kinga ya maambukizi, Kakamega
Mwombeni mfamasia achanganye lita 10: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, ajazie maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikae saa 72 kabla ya kutumika, peroksaidi ipate kuua mbegu za bakteria zilizomo kwenye chupa.