Mji wa Chokaani: nyumba inayokosa zamu ya kunywesha ukuta ipewe adhabu gani?

CherehaniMikindani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, nipo Mikindani. Mchana nashona, usiku nikishafunika mashine naandika hadithi kwenye kaunta buku. Hii ya sasa imefika kaunta buku ya tatu na imenikwama mkononi, naomba mnikwamue.

Inahusu mji unaoitwa Chokaani. Msiutafute kwenye ramani, nimeutunga mwenyewe. Umekaa juu ya mwamba ulioingia baharini, umezungukwa na ukuta wenye milango saba. Ukuta huo haukujengwa kwa mawe makavu, ni matumbawe hai. Wazee walioanzisha mji waliyapanda kama sisi tunavyopanda ua wa minyaa, yakakua, yakashikana, na mpaka leo yanaongezeka kimo kama upana wa ukucha kwa mwaka. Kwa hiyo ukuta unakunywa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, bahari inakuja yenyewe na kuulowesha mpaka kifuani. Yakiingia maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana, bahari haiufikii, na tumbawe likipigwa jua siku mbili mfululizo linapauka, linakufa, linaanza kumeguka. Hapo ndipo watu wanapotoka na mitungi. Kila nyumba ina kipande chake cha ukuta, pima mbili (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na ni wajibu wake kukinywesha asubuhi na jioni mpaka bamvua irudi.

Mji hauna mfalme. Una Baraza la Milango, wazee saba, mmoja kwa kila mlango, na kuna mpiga mbiu anayetangaza zamu. Nje ya ukuta wanaishi wavuvi na wachemsha chumvi. Hao ndio wanaozijua njia za kwenye mwamba maji yakipwa, na nyumba nyingi za ndani zinawalipa wachote maji. Jua likizama milango inafungwa, wao wanalala nje. Barazani hawana neno.

Sasa sheria niliyoandika inasema nyumba ikikosa zamu mara tatu inatolewa nje ya lango. Nilimsomea mtoto wa kaka yangu, ndiye anayenichorea ramani ya mji kwa penseli za rangi. Akaniuliza, "Shangazi, na yule bibi aliyevunjika nyonga je?" Nilikosa jibu. Niliacha kalamu nikapiga pasi suruali za watu mpaka saa sita usiku.

Jambo lenyewe linanigusa. Niliwahi kuwa kwenye kikundi cha kuwekeana na kukopeshana. Wiki moja nikalala na malaria, sikufika kikaoni. Wiki iliyofuata jina langu likasomwa mbele ya watu, faini shilingi elfu mbili, na hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Pesa nililipa. Ile sauti ya katibu akinisoma mpaka leo naisikia. Sitaki mji wangu uwe hivyo, na wakati huohuo ukuta ukifa wote wanakufa. Kwa hiyo adhabu iwe ipi, aamue nani, na hawa wa nje niwafanyeje?

FundiMaweKilwa

Marahaba binti yangu. Mimi nina miaka zaidi ya thelathini kwenye mawe na chokaa, hapa Kilwa Masoko, na nimevuka sana kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye mji wa kale, kwenye kazi za kuziba kuta za magofu.

Kwanza ujue mawe yetu ni ya aina mbili. Kuna jiwe la kuchimba nchi kavu, gumu, limejaa matundu, ndilo la kujengea kuta. Na kuna tumbawe la kutoa baharini. Likiwa bichi ni laini, unalichonga kwa tezo kama unamenya muhogo, likikauka linakaza. Hilo ndilo la mapambo, la mihrabu na vizingiti vya milango. Ukienda Msikiti Mkuu wa Kilwa, weka kiganja kwenye kingo za mihrabu utaona jinsi mkono wa fundi ulivyopita. Chumba nacho upana wake unaamuliwa na boriti za mkoko. Mkoko haurefuki utakavyo wewe, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale kule Songo Mnara, kisiwa cha magofu jirani na Kilwa, ni vyembamba, hata ya tajiri. Kwa hiyo matajiri wako wa Chokaani usiwape kumbi pana kama uwanja wa mpira.

Sasa nakuja kwenye jina. Chokaa tunaipata kwa kuchoma matumbawe. Unapanga magogo duara, unamwaga mawe juu, unawasha, moto unakula usiku kucha. Likipoa unalimwagia maji linafumuka kuwa unga. Maana yake chokaa ni tumbawe lililokufa. Mji wenye ukuta hai ukaitwa Chokaani? Basi kuna siku mtu aliuchoma ukuta. Nani huyo? Hadithi yako imejificha hapo, usiiache.

Mimi naona hivi. Nyumba yenye uwezo ikichoka kubeba maji haitakosa zamu, itapaka chokaa kipande chake. Kitakuwa cheupe, kinang'aa, hakidai maji tena, na wageni watakisifu. Ndani kimekufa. Jiwe lililokufa halishikani na jirani aliye hai, na ufa utaanzia palepale kwenye kiungo. Bibi wa nyonga amekosa siku tatu, kipande chake kimepauka kidogo, kitarudi. Aliyepaka chokaa ameua moja kwa moja, naye kwa sheria yako hana kosa hata moja.

KaraniTandahimba

Dada pole kwa ile faini. Mimi ni karani wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho, huku Tandahimba. Msimu wa korosho kazi yangu ni mizani na daftari, kwa hiyo nitaongelea hayo tu.

Kabla ya adhabu, nani anajua kwamba nyumba fulani imekosa? Nimeona wakulima wengi. Mkulima hagombi kwa sababu amekatwa, anagomba akikatwa kitu asichokiona. Gunia linaning'inizwa mbele ya macho yake, kilo zinasomwa kwa sauti, anapewa stakabadhi yake mkononi. Kwenye mnada miaka ile barua za wanunuzi zilikuwa zinafunguliwa hadharani na bei inasomwa, wakulima wenyewe wanaitikia au wanaikataa. Mtu anaweza kurudi nyumbani na hasira ya bei, lakini hawezi kusema hakusikia. Chokaani kila mlango uwe na mtungi mmoja wa kipimo, umetundikwa, mkubwa sawasawa kwa milango yote saba. Daftari likae pale wazi, lisisubiri kikao.

Lakini ninaloogopa zaidi ni kangomba. Kwa wasio wa kusini niwaeleze: kabla korosho haijaiva kuna miezi migumu. Mtu ana mgonjwa, au mtoto anatakiwa shule, korosho bado ua mtini. Anakuja mwenye pesa, anamkopesha kidogo, na msimu ukifika anachukua mzigo wote kwa bei ya kutupa, anapima kwa bakuli lake mwenyewe. Stakabadhi ghalani, yaani mkulima kupeleka mzigo ghalani akapewa stakabadhi na ukauzwa mnadani, ilipoanza huku mwaka 2007 tulitumaini itamaliza mambo hayo. Kangomba haijafa, kwa sababu shida haisubiri msimu.

Sasa weka sheria yako ya kutoa watu nje ya lango. Siku hiyohiyo kangomba inazaliwa Chokaani. Mwenye vijana wengi atamwendea bibi wa nyonga na kumwambia kwa upole, "Bibi usihangaike, nitakubebea zamu zako mwaka mzima, wewe niandikie tu zile pima zako mbili." Bibi atashukuru hadi machozi. Kabla mtoto anayechora ramani hajaolewa, mtu mmoja atakuwa na nusu ya ukuta, na lango lililo kwenye ukuta wake atalifungua akitaka yeye. Kwa hiyo sheria ya kwanza: zamu haiuzwi, haikopeshwi, haiandikishwi kwa mtu.

CherehaniMikindani

Karani umenitisha kweli. Nimesoma ujumbe wako nikiwa nakata gauni la mteja, nikasahau kuacha inchi ya mshono. Imebidi nimuongezee kitambaa kwapani.

Fundi, hilo la jina sikulijua kabisa. Niliuita Chokaani kwa sababu nilipenda sauti yake tu. Nisaidieni basi la watu wa nje.

MwalimuLindi

Fundi cherehani, wewe hasa unapaswa kuijua habari ya kitambaa cha Kilwa. Katika masimulizi ya kale ya Kilwa, Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa sultani wa kwanza, alipofika alikuta kisiwa kina mwenyewe. Akakinunua kwa nguo: vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Hebu ipigie hesabu kama kazi uliyoletewa dukani. Majora mangapi? Nani aliyashika yasichukuliwe na upepo, nani aliyapitisha kwenye mikoko? Basi mpaka wa kwanza wa mji ule katika masimulizi ni kitambaa kilichotandazwa na kukubaliwa na pande mbili. Kisha yule aliyeuza akavuka kwenda bara. Wakati huo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, na wenyeji wapya wakahofia kwamba atarudi kuwapiga. Ule mkondo ukafanywa kina kirefu usivukike tena.

Kwa hiyo nakuuliza: mwamba wa Chokaani ulikuwa wa nani kabla ya ukuta? Kama watu wa nje ni wajukuu wa waliouza mwamba, hawaji langoni kuomba kazi. Wanakuja kwenye ahadi. Labda babu zao waliuza ardhi lakini hawakuuza maji, na ndiyo maana mpaka leo wao ndio wanaoyachota. Hilo halitamkwi barazani, lakini kila mzee analijua.

La pili. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 alisimulia kwamba sultani wa wakati ule alikuwa anatoka sala ya Ijumaa, masikini mmoja akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani akazivua akampa. Mimi wanafunzi huwa nawauliza kuhusu ile njia: palikuwa na mahali ambapo mtu asiye na kitu angeweza kumsimamisha mkubwa, na watu wakaona. Kwenye ramani ya mtoto wako mahali hapo pako wapi? Songo Mnara katikati ya mji waliacha uwanja wa wazi, na humo mna makaburi na msikiti. Usijaze Chokaani kwa nyumba tu.

KijanaMsimbati

Naongeza dogo. Umesema milango inafungwa jua likizama. Aliyeandika sheria hiyo hajawahi kwenda pweza. Bahari haiangalii jua, kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini. Leo yamepwa saa kumi jioni, baada ya siku nne yanapwa usiku umeshaingia. Mama zangu wamezoea kurudi na taa, maji yanawalamba magoti. Ukifunga kwa jua, kuna siku utawafungia watu kwenye mwamba huku maji yanajaa. Funga kwa maji. Mpiga mbiu awe mtu wa nje, maana wa ndani hawezi kujua yamefika wapi.

CherehaniMikindani

Nimerudi. Siku nne sikuandika humu kwa sababu nilikuwa na sare za shule za kumaliza, lakini usiku nilifanya kazi yenu.

Kumtoa mtu nje ya lango nimefuta. Sheria ya Chokaani sasa inaanza na swali. Tumbawe likianza kupauka, wa kwanza kwenda ni jirani wa kulia na jirani wa kushoto, kwa sababu kipande kikifa ufa unaingia kwao. Wanabisha hodi, wanauliza, "Mmeamkaje humu?" Hawaruhusiwi kuuliza habari ya ukuta kabla hawajajibiwa hilo. Kuna ugonjwa, wanabeba wao mpaka bamvua, bila deni na bila kuandikwa. Hakuna ugonjwa, ndipo daftari la mlangoni linafunguliwa. Zamu haiuzwi, kama alivyosema karani, na mtungi wa kipimo umetundikwa kila mlango. Aliyepaka chokaa ndiye mwenye kosa kubwa, naye hafukuzwi. Anakwangua chokaa yake kwa mikono, na analala chini ya kipande hicho mpaka tumbawe la jirani litambae na kukifunika. Kwa ukucha mmoja kwa mwaka atazeeka pale.

Na aliyeuchoma ukuta nimempata. Alikuwa mzee wa mlango wa nne, mtu mwema, mwaka wa njaa. Alichoma pima ishirini akauza chokaa kwa majahazi, akanunua mtama, akalisha mji mzima. Walimshukuru mpaka wakaupa mji jina. Lile pengo likazibwa kwa mawe makavu na likapakwa, na watoto wanafundishwa kuliita Uso wa Mji. Watu wa nje wao hawaliiti hivyo. Wanaliita Kidonda, na kila bamvua wanaona jinsi maji yanavyopita chini yake. Mpiga mbiu ni binti wa huko nje, anafunga milango kwa maji. Sura ijayo anaingia barazani, mara ya kwanza kwa mtu wa kwao, kusema alichokiona.

Kuhusu nguo ya kuzunguka kisiwa, mwalimu, nilijaribu kupiga hesabu kwa mwamba wangu wa kutunga. Nilipofika jora la mia mbili nikaacha, lakini nimeiweka. Mwanamke aliyeyashona yale majora yakawa kitambaa kimoja atakuwepo kwenye hadithi, na sindano yake imezikwa kwenye uwanja wa katikati.

Ramani nayo imebadilika. Mtoto ameweka makaburi na kisima katikati, amechora mitungi saba, na ukuta ameupaka zambarau na kijani kwa sababu anasema kitu hai hakina rangi moja. Alipofika kwenye pima ishirini za mlango wa nne aliniomba penseli nyeupe. Hatuna. Kwa hiyo pale ameacha karatasi kama ilivyo.